Maharagwe Juu ya Parseli Yangu

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Mungu hajanisahau! Nilikuwa kibarazani kwangu kule mtaa wa Asiatique, namngoja mteja wa nyumba, mteja hakuja, mara shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akapiga simu. Ofisi ya mipango ya mji inachora ramani mpya ya huku kwetu Kanyosha. Jumamosi, baada ya kazi za pamoja, wakaaji wote wafike uwanja wa shule. Kila mtu atapewa maharagwe kumi. Atayaweka juu ya ramani, mahali anapoona pana faida kwake. Penye maharagwe mengi ndipo mpango utapaangalia kwanza.

Akaendelea kueleza, lakini pikipiki ilipita, sikusikia. Sikumwambia arudie. Mimi ni komisioneri, huu ni mwaka wa kumi na saba natafutia watu nyumba na viwanja. Najua Serikali ikichora ramani kinafuata nini. Barabara. Nguzo za umeme. Na mimi nina parseli, kiwanja changu mwenyewe!

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halinicheki. Parseli yangu iko bondeni, chini ya Kanyosha, ukielekea ziwani. Niliinunua miaka minne iliyopita, mwezi wa nane, ikiwa kavu kama ubao. Mwezi wa kumi na moja ikajaa vyura. Sasa matete yamepita kichwa cha mtu. Sijaingia ndani tena tangu siku ile, kwa sababu ya viatu. Béatrice akiniuliza kama nimeanza msingi, namjibu nangoja udongo utulie.

Béatrice ni fundi wa nguo, ana akili kunishinda, nampenda mpaka naona haya kuandika. Aliyemlea ni baba yake mdogo, Muzee Sylvère, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya bonde lile. Tarehe 15 nakwenda kwake *gufata irembo*, kupiga hodi rasmi ya kuomba mchumba. Kaniwekea sharti moja: kabla hatujakalia viti, nimwonyeshe pale mtoto wake atakapolala. Nimwonyeshe nini, vyura?

Sasa nitamwonyesha barabara.

Jumatano, tarehe 5

Kazi! Nahitaji watu wengi, kila mmoja na maharagwe yake. Mkono mtupu haulambwi, na wangu ni mtupu, basi nimezunguka na ahadi.

Nilianza kwa Concilie, mama anayeuza dawa za kienyeji kwenye njia ya kanisa. Nikamwambia Jumamosi aweke maharagwe yote kumi kwenye parseli yangu. Wakimuuliza sababu, aseme anachuma dawa pale. Nikamwahidi kibanda kando ya barabara itakayokuja. Alinitazama muda mrefu. Akaniuliza kama kweli nataka aseme hayo mbele ya watu wa Serikali. Nikamwambia ndiyo, tena kwa sauti. Akasema sawa, na kibanda hataki.

Mama mtakatifu!

Wafumaji wa mikeka nikawafundisha kusema kwamba wanakata matete mle. Wavuvi, kwamba samaki wadogo wanakulia mle. Pasteri wa kikundi cha maombi niliogopa kidogo kumgusa, kwa maana kudanganya kwa jambo la ubatizo si mchezo. Lakini nikajipa moyo, nikamwomba aseme wanabatiza watu mle. Hakukasirika. Alinishika bega, akasema alikuwa anangoja siku nitakayokuja mwenyewe kumwambia. Sikuelewa, nikaitikia amina.

Nimeshangaa. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Hakuna aliyeniuliza aseme vipi. Watu wa Kanyosha wamezaliwa na uongo mdomoni, na miaka yote hii nilikuwa nahangaika peke yangu.

Alhamisi, tarehe 6

Herménégilde amepata habari. Huyu ni komisioneri mwenzangu, tunagawana kibaraza, na tangu tumegawana kibaraza sijalala vizuri. Juzi juzi nilikuwa na mteja wa villa kule mtaa wa Kinindo, mtu wa shirika, mwenye gari. Herménégilde akamnong'oneza kwamba kiboko huja kulisha majani langoni. Mteja akakimbia. Kesho yake akampangisha villa yake mwenyewe, mita hamsini kutoka ile yangu, karibu zaidi na ziwa!

Basi nilijua leo ni vita. Akaja, akakaa, akaagiza chai mbili. Mbili! Akasema amesikia mpango wangu na ni mpango wa mtu mwenye kichwa. Akasema maharagwe yake kumi ni yangu. Na ya mke wake. Na shemeji zake sita atawaleta.

Chai ilinipalia. Miaka yote nimemwona nyoka. Kumbe ndani ana moyo.

Jumamosi, tarehe 8

Siku ya utukufu.

Ramani ilikuwa kubwa, imetandazwa juu ya turubai katikati ya uwanja. Aliyeongoza ni Joëlla, mtaalamu kijana wa ofisi ya mipango, miwani na buti za mpira. Niliyakosa maelezo yake kwa sababu nilikuwa nyuma napanga watu wangu mstari. Nilifika maharagwe yanapogawanywa.

Yoo! Yalianza kudondoka juu ya parseli yangu. Kwanza moja moja, halafu viganja. Kufika saa sita hukuiona tena parseli, uliona kichuguu. Uwanja wa mpira ulipata manane. Soko lilipata kumi na tano. Hata kanisa lilishindwa na mimi.

Lakini kilichonimaliza ni maneno yao. Joëlla alimuuliza kila mtu sababu. Concilie akataja majani kumi na moja, kila jani na ugonjwa wake, na kona linapoota. Mfumaji mmoja akaeleza kwamba matete ya upande wa juu yanakatwa mwezi wa sita, ya upande wa chini yanaachwa kwa sababu ya ndege wanaotaga. Ndege wanaotaga! Mimi nilimfundisha sentensi moja, yeye katengeneza ndege na mayai. Mvuvi alieleza kambale wanavyopanda mvua ya kwanza, Joëlla akaandika kurasa tatu. Pasteri alitaja hata jina la mtu wa mwisho aliyebatizwa. Nilikuwa naogopa kwa ajili yao. Uongo mrefu hivyo, mtu atausahau katikati. Hawakusahau kitu.

Herménégilde alileta shemeji wanane.

Mwisho Joëlla akauliza mwenye parseli ni nani. Nilisimama. Watu walipiga makofi. Niliandika jina langu lote kwenye fomu yake, Adrien na la ukoo, nikapiga sahihi ile ndefu yenye mkia.

Jumapili, tarehe 9

Misa pamoja na Béatrice. Baada ya misa watu wananishika mkono, wanasema asante kwa parseli. Asante ya nini, barabara bado haijafika! Nikaitikia kwa heshima ya mtu mkubwa.

Muzee Sylvère alikuja kunisalimia kwa mikono miwili. Mikono miwili, yeye ambaye tangu Pasaka ananipa vidole vitatu! Akasema miaka minne amekuwa akimwombea mwenye parseli ile bila kumjua. Béatrice alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Aliniambia hakujua kama nina utu wa namna hii.

Nami sikujua. Lakini mtu haulizi zawadi imetoka wapi.

Jumanne, tarehe 11

Mana yanje, Mungu wangu! Mana yanje! Acha nikae kwanza.

Joëlla alinipigia kwamba wanakuja kuhakiki bondeni na mwenye parseli awepo. Nikafikiri ni kupima barabara. Nikavaa koti. Akaniangalia viatu, akanipa buti za akiba, tukaingia kwenye matete.

Kuna njia! Ndani ya parseli yangu kuna njia nne zilizokanyagwa mpaka zinang'aa. Wanawake watatu walikuwa wanakata matete, wakanisalimia wakaendelea kukata. Mbele kuna bustani ya Concilie, ina ua wa fito na kamlango. Mbele zaidi kuna dimbwi safi, ngazi za mawe za kushukia, na benchi. Benchi la kanisa! Limeandikwa namba! Halafu mitego ya kambale. Halafu ndege weusi wenye miguu mirefu wamekalia mayai, wala hawakunijali.

Nilisimama kwenye maji, nikaelewa. Hakuna aliyedanganya! Niliwatuma wote waseme uongo, na hawa watu wasioaminika wamesema kweli tupu!

Nilimuuliza Joëlla barabara itapita wapi. Hakuelewa swali. Akanieleza polepole, kwa adabu, yale maneno ambayo pikipiki ilimeza. Mvua ikinyesha milimani, maji ya korongo yanashuka hapa. Bonde linayapokea, linayapunguza mwendo, linachuja udongo, ndipo yanaingia ziwani yakiwa mapole. Nyumba thelathini na sita za chini zimesimama kwa sababu hiyo. Maharagwe yalikuwa ya kuonyesha mahali pa asili panapowafanyia watu kazi, ili mpango wa mji upalinde. Penye maharagwe mengi hapajengwi.

Nikauliza, hata nyumba ndogo? Akasema hata choo.

Akaniambia katika kartie zote walizopita, hakuna mahali palipopata maharagwe kama pangu. Alikuwa na furaha ya kweli. Nilimrudishia buti zake.

Jumatano, tarehe 12

Herménégilde ana viwanja vitano juu ya bonde. Vitano! Leo ameviandikia tangazo: "Mbele yako kijani daima, hakuna atakayejenga." Ameniagizia brosheti, mshikaki mzima. Nilitaka kumrushia. Nikaila, kwa sababu ilikuwa ya mbuzi.

Nikaenda kwa Concilie. Nilimwomba aende ofisini akaseme kwamba Jumamosi alidanganya. Alikuwa anafunga majani, hakuacha kufunga. Akasema, "Adrien, baba, ulinituma niseme uongo, nikakuta ni ukweli. Sasa unataka niende kudanganya kwamba nilidanganya? Mi siwezi, kichwa kitaniuma, na dawa ya kichwa inatoka kwako."

Pasteri alinikaribisha vizuri zaidi. Alifikiri nimekuja kubatizwa. Ilinichukua saa nzima kutoka.

Siku tatu zimebaki. Béatrice kashona nguo ya Jumamosi, rangi ya machungwa, amenionyesha kipande cha mkono. Sikuweza kumwambia. Nilimsifia mshono, nikaondoka nikikwaruzwa na roho yangu mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 14

Akili ni mali! Muzee hakusema anataka nyumba. Alisema nimwonyeshe *pale* mtoto atakapolala. Basi nahitaji mahali pakavu pa kusimamia watu watatu. Mambo ya ofisi nitayamaliza baada ya harusi, pole pole.

Kuna dereva wa lori niliyewahi kumtafutia nyumba yenye maji ya bomba, hajasahau wema. Amenimwagia kifusi pale chini ya parseli, upande wa Muzee, nikakisawazisha. Meza ya kula ingekaa vizuri. Ila lori lilikwama likitoka. Likazunguka mbele, nyuma, mbele, nyuma, likalaza matete yote mpaka karibu na ukuta wa Muzee, likaacha mfereji kama lilikuwa linalima. Kikundi cha maombi kilikuja kulisukuma. Wakaimba. Pasteri alinitazama tu.

Matete yataota. Ni majani tu.

Jumamosi, tarehe 15

Sijui nianzie wapi.

Saa nane tulikuwa pale: mimi na koti, Béatrice na nguo ya machungwa, Muzee na fimbo. Nyumbani kwake viti vya sherehe vilikwisha kupangwa uani, arobaini, vya kukodi, na meza yenye kitambaa. Niliwasimamisha juu ya kifusi. Nikaonyesha kwa mkono: hapa sebule, hapa chumba. Muzee akauliza kwa nini matete yamelala. Nikasema nimefungua kidogo, hewa ipite.

Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha milimani. Kwetu jua! Tukasikia sauti kwenye korongo. Yakaja maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo. Yaliingia kwenye matete ya juu, nikayaona kwa macho yangu yakichoka, yakitawanyika, yakinyamaza. Nilishangaa, kazi ilikuwa nzuri hivyo! Ndipo yakafika kwenye njia ya lori. Yakapata mfereji. Yakaamka.

Yalipita pembeni yetu kama watu waliochelewa misa. Ukuta wa Muzee uliinama, ukalala. Tuliona viti vikiondoka kimoja kimoja, halafu vyote, halafu meza na kitambaa chake, kuelekea ziwani. Hakuna mtu aliyeumia, namshukuru Mungu. Kuku wawili hawajaonekana.

Béatrice alivua viatu, akashuka kwenda kumsaidia mama mdogo, mke wa Muzee, kuokoa godoro. Hakunitazama. Ningependa angepiga kelele.

Muzee alibaki nami juu ya kifusi. Akasema, "Adrien, miaka mine nilikuwa naombea mutu mwenye hii parseli. Nikajua ni we, nikafurahi. Umeijenga siku moja tu, na viti vyangu viko mu ziwa."

Nilivua koti, nikashuka kuwatafuta kuku.

Jumatatu, tarehe 17

Nimekunywa maji tu tangu juzi. Simu ya Béatrice haipokelewi.

Saa nne Joëlla aliniita ofisini. Nilifikiri ni jela, nikavaa sweta. Kumbe! Kwa kuwa parseli yangu inaingia eneo la kulindwa, naweza kubadilishiwa. Wananipa nyingine juu mlimani, kavu, ya kujenga, karatasi safi. Sahihi ni tarehe mosi Desemba. Ninachotakiwa ni kuondoa kifusi na kurudisha matete, basi. Nilimuuliza mara tatu kama hakuna kingine. Akasema hakuna kingine.

Nilikaa pale nimeduwaa. Kwa hiyo hata kama ningelala wiki mbili nzima, ningeamka na kiwanja!

Alhamisi, tarehe 20

Kifusi kimetoka. Siku tatu za karai na mgongo. Wafumaji walinionyesha namna ya kupanda matete, wakanicheka, nikacheka nao. Leo mchana nilimwona Béatrice amesimama ukingoni na chakula. Ndagala, dagaa wa ziwani, na ugali. Nilikula nimesimama kwenye matope, nikalia kidogo, nikasema ni pilipili.

Nilimwambia yote. Maharagwe, lori, yote. Kazungumza na Muzee. Ukuta tumekubaliana nitaujenga upya kwa mikono yangu. Muzee kakubali tupige hodi tarehe 6 Desemba, karatasi ya mlimani ikishapigwa sahihi, siku moja kabla hapana. Ikiharibika tena, amesema Béatrice ataolewa na mtu mwingine, na yeye mwenyewe Béatrice akaniambia hatabisha.

Alinishika uso kwa mikono miwili ili nisikie. "Adrien, mpaka tarehe mosi nakuomba kitu kimoja. Usifanye kitu. Kaa."

Nimeapa. Kwa jina la mama yangu.

Jumatatu, tarehe 24

Nimekaa siku nne! Nimejishangaa mwenyewe.

Leo nilipanda mlimani, kutazama tu. Kutazama si kufanya. Parseli ni nzuri, mraba, kavu, unaliona ziwa lote. Lakini jamani, ni tupu! Hakuna hata jani. Na Alhamisi Joëlla na wenzake wanakuja kuikagua kabla ya sahihi. Wataona nini? Watasema huyu Adrien tumempa kiwanja na hakijali. Na pembeni kuna kipande kingine kisicho na mtu, wakipendezwa nami huenda wakanipa vyote viwili.

Nikampigia Joëlla. Nilimuuliza, kwa mfano tu, wakikuta parseli ina viumbe wengi na mimea ya maana, wanafanyaje? Akasema wanafurahi sana, wanaandika kila kitu, kama walivyofanya bondeni.

Kila kitu! Basi nimechimba dimbwi, si kubwa, na mvua ya mchana imelijaza. Nimepandisha matete mizigo mitatu kwa taksi-velo, baiskeli ya kukodi, na umuravumba wa Concilie, ule mmea wa dawa, wenye mizizi yake. Vyura nimewakamata mwenyewe, ndoo mbili, wamekubali mahali haraka kuliko nilivyotegemea. Jioni alikuja hata ndege mmoja mweusi wa miguu mirefu, akazunguka dimbwi, akakaa.

Wanakuja Alhamisi saa mbili asubuhi. Béatrice sijamwambia. Nataka ashangae.